Ugonjwa hauna kabila, lakini garama yake ina mwenyewe

Kila padri na kila katekista anayetembelea wagonjwa katika vijiji vya Kirungu, tangu milima ya Marungu mupaka kando ya ziwa kule Moba, amekwisha kuingia katika nyumba ya namna hii. Nyuma ya pazia kuna mutu amelala. Hana homa, hakohoi, anajua majina ya wageni wote. Lakini miguu yake haitembei tena, na mukono mumoja hauwezi kushika kijiko. Amelala hivi mwaka wa tatu ao wa tano. Kando yake ameketi binti yake ao bibi yake, na kitambaa chenye maji katika mukono. Tunasali, tunabariki, tunatoka. Inje, chini ya mwembe, jamaa wanatuuliza kwa sauti ndogo: «Padri, nani amemufanyia hivi?»

Neno hili «nani» ndilo linalotusukuma kuandika. Mara nyingi maana yake si mutu mumoja tu. Maana yake ni ukoo gani, kabila gani. Kama mugonjwa ni Mutabwa na bibi yake ni Muluba, jamaa wataangalia upande wa bibi. Kama alilima shamba karibu na Watwa, watasema ni dawa ya Watwa. Nao waliosoma zaidi wana neno lao: «Ugonjwa wa kupooza polepole ni wa Wazungu, kwetu haupo.» Sisi tunasema kwamba maneno haya mawili, lile la kijiji na lile la shule, ni ndugu. Yote mawili yanatafuta ugonjwa katika kabila la mutu, na yote mawili yanamulipisha mugonjwa: kwanza feza, kisha miaka, na mwisho miguu yake. Tueleze jambo hili kwa utaratibu.

I. Ugonjwa gani huu?

Tutasema hasa juu ya ugonjwa mumoja ambao wanganga wanauita sklerozi ya mabaka. Neno sklerozi linatoka katika kigiriki, maana yake ugumu, kama ugumu wa kovu. Aliyeueleza vizuri ni Jean-Martin Charcot, munganga wa hospitali ya Salpêtrière kule Paris, mwaka 1868. Alipopasua maiti za wagonjwa wake aliona mabaka magumu katika ubongo na katika uti wa mugongo.

Mutu ana mishipa ya fahamu inayotoka katika ubongo, inashuka katika uti wa mugongo, na kufika hata kwenye vidole vya miguu. Ni kama nyaya za umeme. Na kama vile nyaya zinavyovikwa mupira ili umeme usipotee njiani, mishipa hiyo imevikwa ngozi nyembamba ya mafuta, inaitwa mielini. Tena mwili wetu una askari wake, ndio chembe za damu zinazopigana na vijidudu. Katika sklerozi askari hao wanakosa kutambua adui. Wanashambulia mielini ya mwili wao wenyewe. Mahali walipoibomoa panabaki kovu. Ubongo unatoa amri: «Muguu, simama!» Amri inafika kwa kuchelewa, ao haifiki kabisa.

Kwa kuwa kovu linaweza kutokea mahali pengi, dalili nazo ni nyingi. Kwa mumoja jicho linauma na kuingia giza kwa majuma mawili ao matatu. Mwingine anasikia miguu yake imekufa ganzi. Mwingine anayumba kama mulevi, na watoto wanamucheka njiani. Mwingine hawezi kuzuia mikojo, anaacha kwenda Misa kwa haya. Karibu wote wanachoka, uchovu usiotokana na kazi yoyote. Kwa kawaida ugonjwa unaanza katikati ya miaka 20 na 40, na unawashika wanawake mara mbili ao tatu kupita wanaume. Kwa walio wengi, mwanzoni unapiga, kisha unapunguka, na mutu anafikiri amepona. Ndipo mufumu ao muuza dawa wa sokoni anapata sifa bure, kwa maana ugonjwa ungepunguka hata bila yeye. Lakini miaka inapopita bila dawa, kwa wengi unaanza kuzidi bila kurudi nyuma.

Wanganga wanapima hali ya mugonjwa kwa kipimo cha 0 mupaka 10, ambacho Mumarekani John Kurtzke alikichapisha katika sura yake ya sasa mwaka 1983. Penye 6 mutu anahitaji fimbo. Penye 7 anahitaji kiti cha magurudumu. Penye 8 siku yake karibu yote inapita kitandani ao kitini, na penye 9 anategemea wengine kwa kila kitu. Tukisema sklerozi iliyozidi, tunasema watu wa 7 na kuendelea.

Kabla ya kwenda mbele tukumbuke neno moja la kufundisha: ugonjwa huu hauambukizi. Kula naye sahani moja, kumuogesha, kulala katika chumba chake, hayo yote hayana hatari.

II. Ni ugonjwa wa Wazungu?

Neno hili lina musingi kidogo, na haifai kulikana bure. Hesabu kubwa ya ulimwengu iliyotolewa mwaka 2013 ilisema kwamba katika Ulaya, kwa kila watu 100.000, wagonjwa ni 108. Katika Afrika kusini ya Sahara ni 2 tu na kitu kidogo. Hesabu ya mwaka 2020 ilisema katika dunia nzima kuna wagonjwa 2.800.000.

Lakini tuulize: nani amehesabu, na kwa macho gani? Ili kuujua ugonjwa huu wazi, kwa kawaida inahitajiwa munganga wa mishipa ya fahamu na ile mashini kubwa ya sumaku inayopiga picha ya ubongo, ambayo Wafransa wanaiita IRM. Mutu wa Kirungu hapati mashini hiyo kwa kutembea. Lazima ashuke Moba, apande boti kwenda Kalemie, na kutoka pale asafiri tena mupaka miji mikubwa ya inchi. Mahali pasipo na macho ya kuona, hesabu inakuwa ndogo. Kukosa kuandikwa katika kitabu si kukosa kuwapo.

Tena, kwa sehemu ile ya tofauti iliyo ya kweli, wanganga wametafuta sababu. Wanaona kwamba karibu na ikweta, penye jua jingi, ugonjwa ni haba. Wanaona kwamba damu ya kuzaliwa ina sehemu yake, maana urizi fulani unaozidi kuonekana kwa watu wenye asili ya Ulaya unaongeza hatari. Na mwaka 2022 watafiti wa Marekani, waliofuata damu ya askari zaidi ya milioni 10, walionyesha kwamba kirusi kimoja kiitwacho Epstein-Barr kinatangulia ugonjwa. Kwa aliyekwisha kukipata, hatari inazidi mara 32. Karibu watu wote wa dunia wanakipata kirusi hiki, na wengi sana hawauguzwi nacho neno. Kwetu watoto wanakipata wakiwa wadogo kabisa. Ulaya wengi wanakipata katika ujana, na kukipata kwa kuchelewa namna hii kunazidisha hatari.

Basi, kama kabila lingekuwa ngao, lingemulinda mutu popote anapokwenda. Si hivyo. Mwaka 1990 Geoffrey Dean na wenzake walichapisha habari za watoto waliozaliwa Uingereza na wazazi waliotoka Afrika, Uhindi na visiwa vya Karibi. Wazazi walikuwa na ugonjwa huu kwa uhaba. Watoto wao waliozaliwa pale walikaribia hesabu ya Waingereza wenyewe. Damu ni ile ile, kizazi kimoja tu kimepita. Na mwaka 2013, katika California ya kusini, Annette Langer-Gould na wenzake walihesabu wagonjwa wapya kati ya watu zaidi ya 3.500.000 wa bima moja. Kila mwaka, kwa watu 100.000, Weusi waliopatwa walikuwa 10, Wazungu 7, na wazidi wote walikuwa wanawake weusi. Neno walilofundishwa wanganga wengi, kwamba Mweusi hapatwi, lilianguka.

III. Fundisho la konzo

Inchi yetu ina fundisho lake katika jambo hili. Mwaka 1938 munganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa miguu katika Kwango, upande wa magaribi ya Congo. Mutu analala muzima; asubuhi miguu imekazana, anatembea kwa ncha za vidole kama aliyefungwa kamba, ao hatembei kabisa. Wayaka waliuita konzo, ni kusema miguu iliyofungwa. Watu wakasema: hii ni laana ya Wayaka, ni ulozi wao kwa wao.

Leo tunajua ukweli. Konzo inatoka katika muhogo muchungu usiotayarishwa vizuri, wenye sumu ya sianidi, hasa pale ambapo watu hawana samaki, nyama ao maharagi ya kutosha. Ilionekana Tarime, katika Tanzania, mwaka 1985, wakati wa ukame, kati ya watu wasiomujua Muyaka hata mumoja. Ilionekana Msumbiji, na imeonekana vilevile katika Kivu ya kusini. Haikufuata kabila, ilifuata njaa na haraka ya kula muhogo kabla haujakaa majini siku zake. Dawa ya kuiponya hakuna, lakini kuizuia kunawezekana bila feza nyingi: kuloweka muhogo siku tatu kamili, ao kuchanganya unga na maji, kuutandaza mwembamba, na kuuacha katika jua saa 2, ao katika kivuli saa 5, ili sumu itoke, kisha kupika bukari siku ile ile.

Konzo na sklerozi ni magonjwa mawili tofauti. Konzo inapiga mara moja na haizidi, sklerozi inaendelea. Lakini zote mbili zimepewa kabila na watu, moja kabila la Wayaka, nyingine kabila la Wazungu, na kila mara jina la kabila lilifunika sababu ya kweli.

IV. Namna neno la kabila linavyozidisha garama

Tuchukue mufano. Si habari ya mutu fulani. Tumeuunda ili tuone njia yote. Mwalimu mumoja mwanamuke, wa miaka 28, jicho lake linaingia giza. Ananunua dawa ya matone. Baada ya majuma matatu anaona tena. Mwaka unaofuata miguu inakuwa mizito. Kwenye kituo cha afya wanamupa dawa ya malaria, kisha dawa ya tifoidi. Haponi. Ukoo wake unakutana: mume ni wa kabila lingine, basi neno limekwisha kujulikana. Wanamuita mufumu, wanatoa mbuzi wawili na feza ya karo ya watoto. Miguu inapata nguvu kidogo (tumesema ugonjwa unakuja na kupunguka) na mufumu anasifiwa. Mwaka wa tatu unapiga tena. Sasa mume amechoka kuitwa mulozi; anarudi kwao. Mwaka wa tano, kwa musaada wa ndugu aliye mujini, mama huyu anafika mbele ya munganga anayejua. Lakini munganga naye amesoma zamani kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu; anatafuta mengine kwanza. Jina la ugonjwa linapotajwa, mama anatembea kwa kushika ukuta.

Tuhesabu. Mbuzi, karo, dawa za bure, safari, mushahara uliokatika, na ndoa. Yote hayo yamelipwa kabla ya siku ya kwanza ya matunzo ya kweli. Tena kuna hasara iliyo kubwa kupita zote: dawa za sklerozi zinapunguza mapigo na kuchelewesha kilema kama zikianza mapema, hazirudishi muguu uliokwisha kufa. Kuchelewa miaka mitano ni kununua kitanda.

Tusifikiri jambo hili ni la Afrika tu. Katika Marekani, Bruce Cree na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba wagonjwa weusi wanafika kwenye fimbo na kiti cha magurudumu upesi kupita Wazungu. Sehemu ya sababu inaweza kuwa katika ugonjwa wenyewe. Lakini mwenye bima zaifu na munganga wa mbali anachelewa huko kama hapa. Na kule London watafiti walipozungumza na wagonjwa wa sklerozi iliyozidi, Wakaribi weusi na Waingereza weupe, wakachapisha maneno yao mwaka 2015, ilionekana kwamba maelezo ya munganga hayakutosha kumaliza swali la mugonjwa: «Kwa nini mimi?» Swali la jamaa chini ya mwembe ni swali la watu wote. Lisidharauliwe. Lakini lisigeuzwe kuwa shitaka.

V. Nani analipa?

Watu wakisikia neno garama wanafikiri kwanza dawa. Ni kweli, dawa za ugonjwa huu ni gali za kuogopesha. Ile iitwayo ocrelizumab, ya kwanza kukubaliwa kule Marekani kwa sklerozi inayozidi tangu mwanzo, ilitoka mwaka 2017 kwa bei ya dola 65.000 kwa mwaka. Neno la kufurahisha kidogo ni kwamba mwaka 2023 OMS, ni kusema Shirika la Afya la Ulimwengu, iliingiza dawa tatu za sklerozi katika orodha yake ya dawa za lazima. Moja yao, rituximab, ni ya zamani zaidi na ya bei ndogo zaidi. Orodha si dawa mukononi, lakini inawapa wakubwa wa inchi neno la kuulizwa.

Walakini, kwa mugonjwa aliyezidi, dawa si muzigo mukubwa tena. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, juu ya wagonjwa karibu 17.000 katika inchi 16 za Ulaya, ulipata kwamba mugonjwa mwepesi anagarimu euro 22.800 kwa mwaka, wa katikati 37.100, na aliyezidi 57.500. Garama inapanda namna hii si kwa sababu ya dawa. Inapanda kwa sababu mutu ameacha kazi, na kwa sababu mikono mingine inamufanyia yote. Huko Ulaya sehemu ya mikono hiyo inalipwa na serikali. Inaandikwa katika kitabu, kwa hiyo inaonekana.

Kirungu haiandikwi. Basi tuiandike sisi kwa mara moja. Mugonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila saa 2, muchana na usiku, ili ngozi isioze. Ni mara 12 kwa siku, mara 4.380 kwa mwaka. Kama kumufulia na kumuogesha kunahitaji bidoni 4 za maji kila siku, ni bidoni 1.460 kwa mwaka, kutoka kisimani, juu ya kichwa cha mutu. Kama anayemutunza anatoa saa 8 tu kila siku, ni saa 2.920, ni kusema shamba lisilolimwa, ndagala wasioanikwa, ao darasa lisiloingiwa. Maana anayefanya kazi hii karibu kila mara ni mwanamuke: mama, bibi, na mara nyingi binti wa miaka 13 aliyetolewa shuleni. Hakuna anayempa ankara. Ndiyo maana watu wanasema: «Anatunzwa nyumbani, haigarimu kitu.» Inagarimu mutoto muzima.

Hapa kabila linarudi kwa mulango mwingine. Bibi wa kabila la mbali, aliyeolewa Kirungu, hana dada wala shangazi karibu wa kupokezana naye usiku. Anatunza peke yake, na bado anashutumiwa. Na wakati wa matata kati ya Watwa na Waluba katika jimbo letu la Tanganyika, mwaka 2016 na 2017, watu wengi walikimbia vijiji vyao. Mwenye miguu alikimbia. Asiye na miguu alitegemea mugongo wa mwingine. Garama ya chuki ya makabila inaanza kulipwa na yule asiyeweza kusimama.

VI. Tufanye nini?

Tunajua kwamba wengi wa wagonjwa waliolala katika vijiji vyetu hawana sklerozi. Wana kilema cha polio, ao kifua kikuu kilichoshika mifupa ya mugongo, ao konzo, ao kiharusi. Hilo ni sababu moja zaidi ya kumupeleka mutu kupimwa, kwa kuwa kifua kikuu cha mugongo kina dawa, na kikishikwa mapema mutu anaweza kusimama tena. Lakini kitanda kinafanana, na matunzo yanafanana. Kwa hiyo tunawapa wenzetu mapadri, waseminari na makatekista shauri hizi.

Ya kwanza, tutambue mapema. Kijana ambaye jicho lilipotea na kurudi, ambaye miguu imekufa ganzi kisha ikapona, asiachwe kwa sababu amepona. Tuandike tarehe za kila pigo katika karatasi. Karatasi hiyo itamusaidia munganga kupita maneno mengi.

Ya pili, tufundishe matunzo. Kugeuza kila saa 2. Kuangalia kila asubuhi visigino, nyonga, viwiko na sehemu ya chini ya mugongo. Wekundu usioondoka ni mwanzo wa kidonda. Kumulisha akiwa ameketi wima, polepole, na kumuacha wima nusu saa baada ya kula, ili chakula kisiingie mapafuni. Mikojo inayonuka pamoja na homa, apelekwe upesi. Tena tujue kwamba joto linazidisha uzaifu wa wagonjwa wa sklerozi kwa muda. Kule Moba, saa sita za muchana, mutu anaweza kuonekana amekwisha kabisa, na jioni akarudi. Kivuli, kitambaa cha maji baridi na chandarua cha kuzuia malaria ni dawa yake ya kila siku.

Ya tatu, tugawanye mikono. Kila shirika la wakristu katika mutaa lina watu wa makabila mbalimbali. Lipange zamu: Jumatatu nyumba hii inachota maji, Jumanne nyumba ile inafua, usiku wa Jumamosi mutu mwingine anageuza ili mutunzaji alale. Na zamu isipangwe kwa ukoo. Kama Muluba anachota maji kwa Mutabwa, na Mutwa anageuzwa na Mubembe, swali la «nani amemufanyia» linapata jibu lisilohitaji mufumu. Na binti arudi shuleni.

Ya ine, tusaidie haki ijulikane. Sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano, mwaka 2022, inalinda watu wenye kilema katika inchi yetu. Wengi hawajasikia jina lake. Katekista anayeweza kusoma anaweza kuwasomea.

Ya tano ni yetu sisi mapadri. Bado wakristu wengi wanaogopa Mupako wa wagonjwa, wakiona mafuta wanaanza kulia maiti. Mutaguso wa pili wa Vatikano ulikwisha kusema mwaka 1963 kwamba si sakramenti ya wale tu walio katika saa ya kufa. Mutu wa sklerozi anaweza kuishi miaka mingi. Anaweza kupokea Mupako, na kupokea tena hali ikizidi. Tumufikie si mara moja kwa mwaka. Na tukifika, tumusalimu pia aliyeketi kando yake na kitambaa. Tumuulize: «Na wewe, umelala saa ngapi?»

Wazee wetu wa kando ya ziwa waliona mambo haya. Kule Karema, ngambo ya pili mbele yetu, Adrian Atiman, mutoto wa inchi za muto Niger aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na kufundishwa uganga Malta, alifika mwaka 1889 na kukaa mupaka kufa kwake mwaka 1956. Hakuwa Mufipa wala Mutabwa. Aliganga watu ambao luga yao alilazimika kujifunza.

Na yule Musamaria wa Injili, ambaye tunamuhubiri kila mwaka, mara nyingi tunasahau sehemu ya mwisho ya safari yake. Tunasifu mafuta na divai, hatuangalii hesabu. Alimupa mwenye nyumba dinari mbili, mushahara wa siku mbili, akaahidi kulipa kila kitu kitakachozidi wakati atakaporudi. Alijua matunzo yana garama, na kwamba garama inaendelea baada ya huruma ya siku ya kwanza. Hakuuliza kabila la mutu aliyelala njiani. Jamaa wakituuliza tena chini ya mwembe «Nani amemufanyia hivi?», tuwajibu kwa upole kwamba hakuna aliyemufanyia. Kisha tuulize sisi nasi: «Na usiku huu, nani atamugeuza?»